“Alianguka Kitandani”: Vile Daktari wa Watoi Hujua Stori Haishikani

Chukua mfano huu. Mtoi wa miezi miwili analetwa hospitali paja limevimba, ukimgusa tu analia. Aliyemleta anasema alibingirika usiku akaanguka kutoka kitandani. Wewe na mimi tungesema pole, watoto huanguka. Daktari wa watoto anabaki na swali moja kichwani: mtoto wa miezi miwili anabingirika aje? Umri huo hata kujigeuza bado hajajua. Na mfupa wa paja si kijiti cha ufagio, hauvunjiki ovyo. Hapo stori imeanza kuvuja.

Hakuna mtu ameitwa mhalifu. Hakuna karao amepigiwa simu bado. Lakini kuna kitu kimeandikwa kwa faili, na hatua itakayofuata inaweza kuamua kama huyo mtoi atafikisha mwaka mmoja.

Tunaibonga hii leo kwa sababu unajua vile huenda mtaani. Uwe Mikindani, uwe Likoni, uwe Kisauni, picha inaingia kwa group ya WhatsApp: mtoto amegeuzwa mgongo, mistari ya waya imemchora, chini imeandikwa “share mpaka imfikie gavana.” Watu wanatusi, wanatuma emoji za kulia, kufika Jumatatu tumeshahamia stori ya nani ameachana na nani. Kile hakuna mtu hukuelezea ni nini huendelea ndani ya kile chumba cha daktari, na kwa nini kesi nyingi hufia njiani hata baada ya daktari kufanya kazi yake.

Na usidhani hii ni mambo ya watu wengine. Serikali ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto mara mbili, 2010 na 2019, na hesabu ilitoka kwa majibu ya vijana wa miaka 18 hadi 24. Yaani watu wa rika lako, wakieleza yaliyowapata kabla ya kufika miaka 18. Mwaka 2010, asilimia 32 ya wasichana na asilimia 18 ya wavulana walisema walifanyiwa ukatili wa kingono. Mwaka 2019 hesabu ilishuka hadi asilimia 15.6 kwa wasichana na 6.4 kwa wavulana. Imeshuka, ndio. Lakini ukiweka pamoja kila aina ya ukatili, mwaka 2019 bado karibu nusu ya wasichana na zaidi ya nusu ya wavulana walikuwa wamepitia angalau moja. Hesabu watu kwa matatu ya kwenda town asubuhi, ugawe kwa mbili.

Madaktari wenyewe walikuwa wamefunga macho

Kuna wakati hata wasomi wa udaktari hawakutaka kuona hii kitu. Mwaka 1946, daktari wa eksirei Mmarekani kwa jina John Caffey aliandika kuhusu watoto sita waliokuwa wamevuja damu kichwani na mifupa mirefu imevunjika, bila mzazi kueleza ajali yoyote ya maana. Dunia ikasoma, ikaenda zake.

Ilichukua hadi 1962. C. Henry Kempe na wenzake kule Colorado waliuliza hospitali 71 za Marekani, zikawapa watoto 302 waliopigwa vibaya ndani ya mwaka mmoja. Watoto 33 kati yao walikufa. Wengine 85 wakabaki na madhara ya kudumu kwenye ubongo. Kempe aliandika kwamba madaktari walikuwa wanaona majeraha, ila hawakuwa tayari kuamini kwamba mzazi anaweza kuwa ndiye aliyafanya. Walikuwa wanatafuta ugonjwa wowote, mradi wasifike kwa hilo jibu.

Sasa ebu jiulize, sisi kwa ploti tuko 1962 ama tuko mbele? Ukuta ni mwembamba, mfereji ni mmoja, mtoto wa jirani akichapwa saa nne usiku ploti nzima inaskia. Asubuhi tunasalimiana kama kawaida: “Vipi, umeamkaje?” “Salama.” Basi.

Kazi yake ni kulinganisha vitu vitatu

Watu hudhani daktari ana jicho la FBI. Hana. Anaweka vitu vitatu mezani: stori aliyopewa, jeraha analoliona, na umri wa mtoto na kile mtoto wa umri huo anaweza kufanya. Vitatu vikikubaliana, ni ajali, anatibu, mnaenda nyumbani. Vikikataana, anasimama hapo kwanza.

Kisha kuna vitu vingine vya kumfungua macho. Stori inabadilika: kwa nesi alianguka kitandani, kwa daktari alianguka ngazi, kwa eksirei ni kakake alimwangukia. Jeraha ni la siku tatu na ndio analetwa leo. Hakuna anayejua kilichotokea, “nilimpata tu hivyo.” Majeraha ya zamani na mapya kwa mwili mmoja. Moja peke yake haitoshi kumhukumu mtu. Mama wa Bangladesh aliyechelewa siku mbili anaweza kuwa alikuwa anatafuta pesa ya nauli tu. Ndiyo maana daktari mzuri huuliza “ulipitia nini kabla ya kufika hapa?” kabla hajawaza mabaya.

Na kumbuka, hospitali nyingi za mtaani mtu wa kwanza kumwona mtoto si bingwa wa watoto. Ni nesi, ama afisa wa kliniki, yule wengi wetu humwita daktari. Hao ndio wanafaa kushuku mapema na kumtuma mtoto mbele.

Ngozi ina lugha yake

Mtoto anayetembea ataumia. Magoti, miguu ya mbele, kipaji cha uso: hizo ndizo sehemu za kuanguka, kila mzazi anazijua. Utafiti mmoja wa Marekani wa 1999 uliangalia watoto wadogo zaidi ya 900. Wale walioanza kutembea, karibu nusu walikuwa na alama ya kuvilia damu. Walio chini ya miezi sita, hata mmoja kwa mia hakufika. Maana yake ni simple: mtoto asiyejisogeza hajigongi.

Kutoka hapo, watafiti wakiongozwa na daktari Mary Clyde Pierce walitengeneza mwongozo ambao hospitali nyingi duniani hutumia, wakauboresha mwaka 2021. Ukiondoa majina ya kizungu, unasema hivi. Kwa mtoto wa chini ya miaka minne, alama ya kuvilia damu ikionekana kifuani, tumboni, mgongoni, matakoni, sikioni au shingoni, shtuka. Ikionekana kwenye kona ya taya, nyama ya shavu, kope za jicho, weupe wa jicho, au kile kikamba kinachoshikilia mdomo kwa fizi, shtuka. Alama ikiwa na umbo, mfano mkanda, waya, vidole au meno, shtuka. Na mtoto wa miezi minne kushuka, alama yoyote, popote, shtuka.

Sikio kwa mfano. Mtoto akianguka, kichwa na bega hulikinga sikio. Kulipata sikio vizuri kunataka mkono wa mtu.

Kuna uongo mmoja wa mtaa tuutoe hapa: eti ukiangalia rangi ya alama, kijani ama njano, unaweza kusema ni ya juzi ama ya wiki jana. Wataalamu walishaachana na hiyo, rangi haitabiriki hivyo. Na kwa ngozi yetu nyeusi alama hujificha, kwa hivyo daktari anataka mwanga mzuri na mkono wa kupapasa pole pole kuona wapi pamevimba na wapi panauma.

Maji moto na mifupa

Kuungua ni kesi za kila siku. Jikoni ni chumba hicho hicho cha kulala, jiko liko chini, sufuria ya chai iko juu, mtoto anavuta. Maji yakimmwagikia kutoka juu huacha alama isiyo na mpangilio: kubwa juu, inapungua ikishuka, matone huku na kule. Hiyo ni ajali ya nyumba ndogo.

Lakini mtoto akichovywa kwa maji moto kwa nguvu, alama hubadilika. Inakuwa na mstari mnyoofu, kama amevaa soksi kwa miguu yote miwili ama glavu kwa mikono yote. Hakuna matone pembeni, kwa sababu hakupata nafasi ya kurusha miguu. Mtoto akikanyaga maji moto kwa bahati mbaya hutoa mguu mara moja, hakai hapo atulie.

Kwa mifupa, zile zinazomshtua daktari sana kwa mtoto mchanga ni mbavu, hasa upande wa nyuma, na ncha za mifupa mirefu karibu na viungo. Mbavu za mtoto mchanga ni laini, zinapinda. Kuzivunja kunahitaji kifua kukamatwa na kubanwa. Ndiyo sababu mtoto wa chini ya miaka miwili akishukiwa kuumizwa hupigwa eksirei za mwili mzima, hata kama kilichomleta ni mkono tu. Mfupa wa zamani uliojiunga wenyewe bila hospitali unaweza kueleza kile mtoto hajui kueleza.

Pole pole, usichome mtu bure

Hapa ndipo mbogi ya mtandao huharibu. Kuna vitu vinafanana kabisa na kipigo na si kipigo.

Watoto wengi weusi huzaliwa na madoa ya bluu ama ya kijivu mgongoni na matakoni. Ni rangi ya ngozi, hayaumi, huisha yenyewe mtoto akikua. Msee asiyejua ataapa mtoto amepigwa. Kuna seli mundu, ambayo huku Pwani tunaijua vizuri: mtoto mdogo anavimba mikono na miguu, analia usiku, hajaguswa na mtu. Kuna hemofilia, ambapo damu haigandi na mtoto akigongwa kidogo tu anavilia damu. Kuna upungufu wa vitamini D, unaolainisha mifupa. Kuna maambukizi ya ngozi yanayoacha viduara kama vya sigara.

Halafu kuna dawa zetu za nyumbani. Kuumikwa kwa chuku huacha miviringo mwekundu mgongoni. Chale huacha mikato midogo iliyopangwa. Mzazi aliyepeleka mtoto huko alikuwa anatafuta tiba. Daktari atamwonya kama kuna hatari ya maambukizi, lakini hiyo si picha ya mtu aliyempiga mtoto kwa hasira.

Ndiyo maana daktari hupima damu, huuliza historia ya ukoo, hurudia kuangalia. Wewe mwenye simu huna maabara. Ukipost sura ya mama na neno “muuaji,” na kumbe mtoto ana seli mundu, huyo mama utamrudishia nini?

“Daktari hakupata kitu” haimaanishi mtoto anadanganya

Hii ndiyo sehemu nataka usome mara mbili.

Mtoto anasema fulani amemfanyia tabia mbaya. Familia inampeleka hospitali. Daktari anaandika kwamba hakuna jeraha. Jioni ploti nzima imeamua: mtoto ni muongo, mzee wa watu amechafuliwa jina.

Zima hiyo fikra. Mwaka 1994 daktari Joyce Adams na wenzake Marekani walichapisha utafiti wa watoto 236 ambao kesi zao zilikuwa zimethibitishwa kisheria. Waliokuwa na dalili za wazi mwilini ni asilimia 14 tu. Wengine wote walionekana kawaida ama na vitu visivyoweza kusema lolote kwa uhakika. Sababu zinaeleweka: kuna ukatili wa kushikashika usioacha alama, sehemu hizo hupona haraka sana, na watoto wengi husema baada ya wiki au miezi.

Na ile stori ya “kumwangalia kama bado ni bikira” haina msingi wa kisayansi. Shirika la Afya Duniani lilitaka ikomeshwe mwaka 2018.

Sheria ya Kenya inalijua hili. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu korti, kwa kesi za makosa ya kingono, kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mtoto peke yake, mradi hakimu ameridhika mtoto anasema ukweli na ameandika sababu zake. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ilisema unajisi hauthibitishwi kwa DNA, unathibitishwa kwa ushahidi. Kwa hivyo maneno ya mtoto ni ushahidi, na jinsi yalivyochukuliwa mara ya kwanza ni muhimu kuliko chochote.

Hapo daktari ana kanuni. Anamtibu kwanza. Anaongea na mtoto bila mshukiwa kuwa chumbani. Anauliza maswali wazi, “nieleze kilichotokea,” hamwekei jina mdomoni kama “ni ami yako alikushika, si ndio?” Mtoto akijibu, anaandika maneno yale yale ya mtoto, hata kama ni ya kitoto, hayageuzi kuwa lugha ya hospitali. Anachora mahali pa majeraha kwa mchoro wa mwili. Na hamrudishi nyuma kueleza tena na tena mbele ya kila nesi anayepita. Kila mara mtoto anaporudia, anaumia upya, na wakili wa upande wa pili anapata pa kung'ang'ania.

Saa 72

Kwa ukatili wa kingono, saa ndiyo mwenye nyumba. Dawa za kuzuia HIV, PEP, zinafaa kuanzwa ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na zinamezwa siku 28. Dawa ya kuzuia mimba kwa msichana aliyeanza kubalehe ina hadi saa 120. Kuna chanjo ya homa ya ini aina ya B, kinga ya pepopunda, dawa za magonjwa ya zinaa na ushauri nasaha. Hata kama saa 72 zimepita, nenda. Bado kuna mengi ya kufanya.

Kabla ya kufika hospitali: usimuogeshe. Najua mkono wa mama unakimbilia maji, ndiyo silika, lakini ushahidi unaenda na hayo maji. Nguo alizokuwa nazo zitie kwa mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu plastiki hushika unyevu na kuoza ushahidi.

Mtu wa Mikindani ana njia zake. Port Reitz iko upande wenu wa bara. Ukivuka Makupa kuingia kisiwani kuna Coast General, ambayo tangu 2007 ina kituo maalum cha waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, watoto wakiwemo. Na hapa tusikize: huhitaji kupita polisi kwanza ndio utibiwe. Hospitali kwanza, karatasi baadaye.

Karatasi zenyewe ni mbili, usichanganye. PRC ni ya hospitali, inajazwa na aliyekuhudumia, nakala moja ya polisi, moja ya mgonjwa, moja inabaki hospitali. Itunze kama kitambulisho. P3 ni ya polisi, unapewa ukiripoti, mtabibu anaijaza, inarudi kuwa ushahidi kortini. Fomu yenyewe ni ya bure. Mtu akikuitisha doo ya fomu, muulize risiti ni ya nini.

Na kama daktari anaona nyumbani si salama, anaweza kumlaza mtoto hata kama kidonda ni kidogo. Watu hukasirika, “mbona mnamlaza na hana kitu?” Kitanda cha wodi hapo kinafanya kazi ya kufuli. Wakati huo ofisa wa ustawi wa jamii, afisa wa watoto na polisi wanahusishwa. Na daktari makini atauliza swali lingine: nyumbani kuna watoto wengine?

Basi kesi hufia wapi?

Mara nyingi hufia kwa sebule. Wazee wa pande mbili wanakaa, soda zinaletwa, kuna bahasha, msamaha unaombwa, maslaha imepita. Mtoto hakuulizwa. Kisha mama anaambiwa asiende kuhudhuria korti, shahidi anahama, faili inakauka.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haiitambui hiyo sebule. Kifungu cha 40 kinasema uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka uko kwa mwanasheria mkuu wa serikali, kazi ambayo tangu Katiba ya 2010 ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Baba hana. Mzee wa mtaa hana. Na kosa lenyewe si dogo: mtoto wa miaka 11 kushuka, kifungo ni cha maisha. Wa 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Wa 16 hadi 18, si chini ya 15.

Mara nyingine hufia kwa dawati la polisi. Hilo pia lina jibu la korti. Tarehe 27 Mei 2013, Mahakama Kuu ya Meru, kwenye kesi ya wasichana walionajisiwa na polisi wakakaa bila kuchunguza ipasavyo, iliamua kwamba kule kuzembea kwa polisi kulivunja haki za hao watoto. Yaani ukiambiwa “rudi kesho” mara ya tano, huyo anayekuambia hivyo naye anavunja Katiba. Uliza nambari ya OB, iandike, uondoke nayo.

Mtoto asiyeonekana kabisa

Kuna ukatili usiokuwa na waya wala mkanda. Mtoto hapewi chakula, hapelekwi kliniki, hapelekwi shule. Daktari huuona kwa kile kitabu cha kliniki mama alipewa: laini ya uzito inapanda, halafu inashuka, halafu kurasa ni tupu. Hapa lazima tutofautishe. Umaskini si ukatili. Mama aliyekosa unga anahitaji msaada, si pingu. Shida ni pale mtu mzima anaamua mtoto asipate.

Hapo jirani yetu Kilifi alitufundisha kwa bei mbaya. Shakahola, mwaka 2023, makaburi yalifukuliwa msituni na miili zaidi ya 400 ikatolewa, watoto wengi wakiwa ndani. Upasuaji ulioongozwa na mwanapatholojia wa serikali Johansen Oduor ulionyesha njaa kama sababu kubwa, na baadhi, wakiwemo watoto, dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Paul Mackenzie na wenzake walishtakiwa, wakakana, na mashtaka ya ukatili dhidi ya watoto yakapelekwa korti ya Tononoka hapa hapa Mombasa.

Angalia kitu kimoja. Yale mahubiri yalikuwa yanawaambia watu wasipeleke watoto shule wala hospitali. Hao watoto hawakupita mbele ya daktari yeyote wa kuuliza swali. Daktari anaweza kushuku tu mtoto aliyeletwa. Asiyeletwa, macho yaliyobaki ni ya jirani, mwalimu na wewe.

Sasa wewe ufanye nini?

Save 116. Ni ya Childline Kenya, bure, saa 24, na huhitaji kuwa na uhakika ndipo upige. Kuna pia 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Kazi yako ni kusema ulichoona na ulichoskia, kuthibitisha ni kazi ya wengine.

Mtoto akikuamini akakuambia, skiza. Usimhoji kama karao, usipige kelele, usimuahidi kwamba hutamwambia mtu. Mwambie si makosa yake. Kisha mpeleke kwa mtu mzima anayeaminika na hospitali, usiku huo huo ikiwezekana.

Usiende kumkabili mshukiwa na mbogi yako na mawe. Mkimpiga mnaharibu kesi, na mkikosea mtu mnazika asiye na hatia.

Na ile picha, usi-forward. Hata ukiwa na nia nzuri. Huyo mtoi atakuwa na miaka 16 siku moja, ataijoin shule mpya, na kuna mtu darasani atakuwa nayo kwa simu. Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya ukatili, na Sheria ya Watoto ya 2022 inalinda na faragha yake. Tuma hiyo picha kwa anayeweza kusaidia, kisha ifute.

Daktari ana dakika chache na mtoto. Wewe unaishi ukuta mmoja naye mwaka mzima. Usiku ukiskia kile kilio ambacho si cha kawaida, unachohitaji ni tarakimu tatu tu, na hata kredo haihitajiki.